Kisigino cha mkimbiaji hakiponi kwa tembe

Alfajiri, kabla matatu hazijajaa abiria pale Donholm na Umoja, utatuona sisi wakimbiaji kandokando ya Outering Road. Baadhi yetu tuna ndoto ya Nairobi City Marathon, iliyofanyika kwanza mwaka 2022 juu ya Expressway. Lakini waulize wenzangu habari za visigino: mtu akishuka kitandani huhisi amekanyaga msumari, na baada ya hatua chache maumivu hupungua. Kwa kijana wa Kayole aendaye kwa miguu hadi Eneo la Viwanda kutafuta kibarua, hiyo ni riziki inayoponyoka.

Chini ya wayo kuna utando mgumu, mfano wa ukanda, utokao kwenye mfupa wa kisigino hadi vidoleni. Huo ndio ushikiliao upinde wa wayo. Mtu akiongeza masafa ghafla, au akivaa viatu ambavyo soli zake zilikwisha ughaibuni kabla ya kufika Gikomba, utando huumia. (Sivibezi viatu vya mitumba, nami navivaa, ila kikikunjika katikati kama chapati, kiache.)

Ninalolilalamikia ni tiba ya mitaani. Mtu hununua tembe za diklofenaki, akameza, na kesho yake akakimbia tena. Tembe hunyamazisha maumivu lakini mzigo hubaki pale pale, na zikizoewa hudhuru tumbo na figo. Wengine huambiwa wameota mwiba wa mfupa, wakachomwa sindano. Ilhali mwiba huo huonekana hata kwa wasioumwa kamwe, na sindano ya steroidi, ijapokuwa hutuliza kwa wiki kadhaa, yaweza kuukata utando.

Tiba bora ni rahisi. Punguza masafa, na usitembee pekupeku juu ya saruji. Kila baada ya siku moja, simama ukingoni mwa ngazi, taulo iliyoviringwa ikiwa chini ya vidole, upandishe na kukishusha kisigino polepole. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba baada ya miezi 3 waliofanya zoezi hili walipata nafuu kuliko waliojinyoosha tu. Kupona kabisa huenda kukachukua mwaka.

Iwapo maumivu huzidi kadiri unavyokimbia, au kisigino huuma ukikibana pande zote mbili, yamkini mfupa una ufa. Acha kukimbia, uende Hospitali ya Mama Lucy Kibaki au nyingine iliyo karibu. Na picha ya kwanza ya eksirei isipoonyesha kitu, rudi, kwani ufa huo aghalabu hauonekani katika wiki mbili za mwanzo.