Whitby: Bandari iliyouza kila kitu, sasa inauza nyumba zake

Wageni wanaofika Whitby, mji wa bandari wenye wakazi wapatao 13,000 kwenye pwani ya Yorkshire, kaskazini mashariki mwa Uingereza, huonyeshwa mambo yaleyale: magofu ya abasia juu ya mwamba, ngazi 199 za kupandia huko, tao la mifupa ya nyangumi, sanamu ya Kapteni James Cook na maduka ya mapambo meusi. Hupiga picha, hula samaki na viazi vya kukaanga, kisha huondoka. Wengi wao hawatambui kwamba nyingi ya alama hizo ni makaburi ya biashara zilizowahi kuulisha mji huo.

Abasia ilianzishwa mwaka 657, na mwaka 664 ulifanyika hapo mkutano wa kanisa ulioamua kwamba Pasaka iadhimishwe kwa kufuata desturi ya Roma. Mwaka 1539, wakati wa Mfalme Henry wa Nane, ikafungwa. Watu waliobaki chini ya mwamba walikuwa na bahari mbele na mawe nyuma, na vyote viwili wakaviuza.

Mawe yalitoa shabu. Ni shabu hiyohiyo inayotumika kusafishia maji, ambayo enzi hizo ilitafutwa sana na watia rangi wa nguo, kwa kuwa bila shabu rangi haishiki. Kuanzia karne ya 17 miamba ya pwani hiyo ilichimbwa, mawe yakarundikwa na kuchomwa kwa miezi kadhaa, yakalowekwa, na maji yake yakachemshwa na kutiwa majivu ya mwani au mkojo uliochacha. Mkojo huo ulikusanywa majumbani kwa mapipa na kuletwa kwa meli, hata kutoka London. Mfanyabiashara anayelalamika kwamba hana cha kuuza na aufikirie mkojo huo. Machimbo ya mwisho yalifungwa mwaka 1871, na wala si kwa sababu mawe yalikwisha. Viwanda vilikuwa vimepata njia rahisi zaidi ya kutengeneza shabu kwa tindikali na mabaki ya migodi ya makaa ya mawe.

Bahari nayo ililipa. Meli za Whitby zenye tumbo pana na chini bapa zilisafirisha makaa ya mawe kwenda London, na ni katika meli hizo Cook alikojifunza ubaharia baada ya kufika mjini hapo mwaka 1746 kama mwanagenzi wa mwenye meli John Walker. Hata meli yake maarufu, Endeavour, ilizinduliwa Whitby mwaka 1764 ikiwa meli ya kubebea makaa. Meli nyingine zilikwenda kuwinda nyangumi kuanzia mwaka 1753 hadi 1837, wakati mafuta ya nyangumi yalipokuwa yakiwasha taa. Biashara hiyo ilikufa kabisa, kiasi kwamba taya zilizoko kwenye tao hivi leo zililetwa kutoka Alaska mwaka 2003 baada ya zile za awali kuchakaa.

Hata hivyo, biashara ya mapambo meusi ndiyo inayopaswa kuangaliwa kwa makini zaidi na yeyote anayeuza mazao au bidhaa. Mapambo hayo huchongwa kutokana na jeti, jiwe jeusi jepesi ambalo ni mabaki ya miti ya kale iliyozama baharini mamilioni ya miaka iliyopita. Mume wa Malkia Victoria alipofariki mwaka 1861, malkia alivaa nyeusi mpaka mwisho wa maisha yake, na mabibi wa Uingereza wakamfuata. Whitby ikawa na watu zaidi ya 1,000 wanaochonga jeti. Mahitaji yalipozidi, likaingia jeti laini la bei nafuu kutoka Hispania, likachongwa na kuuzwa pamoja na lile la Whitby, na likawa linapasuka mikononi mwa wanunuzi. Vioo vyeusi na mpira mgumu vikafanyizwa mapambo ya kufanana nalo. Mitindo ya mavazi nayo ikabadilika, lakini jina la bidhaa lilikuwa limekwisha kuchafuka kabla ya hapo. Mnunuzi aliyeuziwa pambo bovu mara moja hakuuliza limetoka mwamba gani.

Reli ilifika mwaka 1836, mabehewa yakivutwa kwanza na farasi, na baadaye ikaleta bidhaa mpya ambayo ni wageni. George Hudson, tajiri wa reli, alianza kujenga nyumba za kifahari zilizopangwa kwa umbo la hilali kwenye mwamba wa magharibi. Fedha zikamwishia, na hilali hiyo ni nusu mpaka leo. Bram Stoker alipumzika mjini hapo mwaka 1890, na riwaya yake ya Dracula ya mwaka 1897 bado inauleta umati.

Wavuvi wapo, lakini wachache. Mwishoni mwa mwaka 2021 kaa na kambakochi walikufa kwa wingi kwenye pwani hiyo. Jopo la wataalamu lililoripoti Januari 2023 halikuweza kuthibitisha chanzo, likitaja ugonjwa mpya kama uwezekano tu. Mvuvi anayepoteza msimu kwa namna hiyo hawezi kushindana bei ya nyumba na mtu wa mjini anayetafuta mahali pa kulala wikiendi chache kwa mwaka.

Ndiyo maana kura ya maoni ya Juni 2022 ilikuwa ya haki. Wakazi 2,111 walitaka nyumba mpya ziuzwe kwa watu watakaoishi humo mwaka mzima; waliopinga walikuwa 157. Kura hiyo haikuwa na nguvu ya kisheria. Wenye nyumba za kupangisha wageni wana hoja, kwani fedha za wageni hulipa mishahara ya wahudumu wa hoteli na wauza samaki. Lakini mhudumu huyo naye anahitaji pa kulala, na asipopapata jikoni hapatakuwa na mtu. Tangu Aprili 2025 halmashauri ya North Yorkshire inatoza kodi maradufu kwa nyumba za pili. Anayemudu nyumba mbili ataimudu na kodi hiyo. Sharti la mkazi wa kudumu ndilo linalopaswa kuandikwa kwenye kila kibali kipya cha ujenzi.