NANI ANAANDIKA HABARI ZA KAZI YAKO?

Ndugu wafanyakazi, nina neno juu ya karatasi za kuombea kazi, yaani wasifu, ile ambayo vijana huiita sivii.

Kijana mmoja jirani yangu hapa Makadara aliitwa kuulizwa maswali katika kiwanda kimoja. Kijana huyu amechomelea vyuma miaka sita, na kazi yake naijua, maana mlango wa nyumba yangu aliutengeneza yeye. Karatasi yake aliandikiwa na karani wa saiba kwa shilingi mia mbili. Ilikuwa na Kiingereza kizuri sana. Bwana wa kiwanda akaweka kidole juu ya neno moja, akamwuliza, "Jambo hili ulilifanya wapi?" Kijana hakulijua neno lile. Lilikuwa la mtu mwingine aliyeandikiwa zamani, karani akabadilisha jina tu. Na ile miaka sita ya kuchomelea haikutajwa hata kwa mstari mmoja, kwa kuwa karani hakuuliza, naye kijana alidhani kazi ya jua kali haifai kuandikwa. Akarudi nyumbani kwa miguu.

Simcheki. Mimi nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na barua yangu ya kwanza niliinunua vivyo hivyo.

Lakini tukumbuke babu zetu. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kushika kazi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa awe nacho, na wengi walikitia katika kikebe cha bati wakakitundika shingoni. Ndani mlikuwa na jina, alama za vidole, bwana wake, siku ya kuanza, mshahara na siku ya kuachishwa. Mwenye kuandika alikuwa bwana. Asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu hakuweza kuandikwa kwingine. Harry Thuku na wenzake walikipinga. Machi 1922 Thuku akakamatwa, na watu waliokusanyika hapa Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Kipande kiliondolewa mwaka 1947. Leo kalamu ni yetu, nasi twampa karani wa saiba!

Mimi naona hivi. Mtu wa gengi ya reli asiandike "kibarua" basi. Aandike kwamba alibadilisha mataruma, alishindilia kokoto, alikaza njia, ni wapi, tangu mwaka gani mpaka mwaka gani, na kama alisimamia watu, ni wangapi. Kurasa mbili zatosha. Kabila na dini ya nini? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kubagua kwa hayo, basi usimpelekee mwenyewe. Kama Kiingereza ni shida, andika kwanza Kiswahili, kisha mtoto aliye sekondari akugeuzie, nawe ukae karibu naye mpaka kila neno uweze kulieleza.

Wako wenzetu wasemao kazi ni kujuana tu. Sikatai, nimeyaona. Ila hata anayekujua atakuomba karatasi aipeleke mbele, na ikiwa ya uongo umemwaibisha yeye pia.

Jambo kubwa ni cheti cha utumishi. Tukiachishwa twakimbilia hesabu ya fedha, cheti twakisahau. Kifungu cha 51 cha sheria ile ile chasema aliyefanya kazi majuma manne au zaidi lazima apewe, kimeandikwa kazi aliyofanya, mahali, siku ya kuanza na ya kuacha. Mwajiri halazimishwi kukusifu, lakini hayo lazima ayaandike. Akikataa kwa makusudi au kwa uzembe ni kosa, faini mpaka shilingi 100,000, au kifungo mpaka miezi sita, au yote mawili. Anayenyimwa asinyamaze, amwambie mwakilishi wa chama mapema, kabla mwajiri hajahama au kufunga.

Yule kijana tuliketi naye Jumapili mezani kwangu. Nilimwuliza kila mwaka alikuwa wapi na alitengeneza nini, naye akaandika kwa mkono wake: milango, madirisha, matangi ya maji, geti la shule. Alipofika mwisho ilikuwa ukurasa mmoja na nusu.

Mtu wa Reli,
Makadara.