Kibao cha Gwanghwamun

Mwaka niliosoma Seoul, kila Jumamosi nilipita Gwanghwamun, lango kuu la jumba la kifalme la Gyeongbokgung. Mfalme Sejong ndiye aliyewaundia Wakorea alfabeti yao, Hangul, mwaka 1443, na sanamu yake imekaa uwanjani mbele ya lango hilo. Lakini kibao cha juu kina herufi tatu za Kichina.

Mwaka 1968 lango lilijengwa upya kwa zege, likapewa kibao cha Hangul. Mwaka 2010 likajengwa tena kwa mbao, na Kichina kikarudi. Kibao kipya cha 2023 ni Kichina vilevile. Wahifadhi husema ndivyo kilivyokuwa karne ya 19. Ni kweli. Ila nasi tusome kibao cha nani? (Tusiwacheke: mlango wa fakulte yetu ya lugha umeandikwa Kifaransa tu.)

Mimi nasema cha Kichina kibaki, cha Hangul kitundikwe chini yake. Nilikopanga, katika hanok yenye sakafu ya kupashwa moto, mjukuu wa bibi mwenye nyumba hakuweza kukisoma. Nilimsomea mimi, mgeni kutoka Kongo. Bibi hakupendezwa.