Kiyoyozi Hakiharibu Gari la Kale

Kiyoyozi kinachofungwa katika gari la kale lililotoka kiwandani bila kifaa hicho huhesabiwa na wapenzi wengi wa magari kuwa ni uchafuzi. Hoja yao ni fupi: gari lilibuniwa bila kiyoyozi, kwa hiyo anayelitia kompresa amelivua uasilia, na uasilia ukiondoka, thamani huufuata. Hoja hiyo hukaririwa kwa sauti kubwa kuliko ushahidi ilio nao.

Ushahidi unaanza kuipinga kwenye gari la kwanza kabisa kuuzwa na kiwanda likiwa na kiyoyozi. Packard ilipotangaza kiyoyozi kwa magari yake ya mwaka wa 1940, haikukifunga yenyewe. Gari lililokamilika lilipelekwa kwa kampuni ya Bishop and Babcock mjini Cleveland, mafundi wa huko wakakifunga, ndipo likaenda kwa muuzaji. Sehemu ya kupozea hewa ilikaa kwenye buti na kumeza nafasi ya mizigo. Kompresa haikuwa na klachi, hivyo aliyetaka kuizima sawasawa alifungua boneti na kuvua mkanda. Kwa kipimo cha watetezi wa uasilia, gari hilo lilikwisha kuchafuliwa kabla ya kumfikia mnunuzi.

Ford Mustang, iliyozinduliwa Aprili 1964, inaliweka jambo hili wazi zaidi. Katika magari ya 1965 na 1966, hata kiyoyozi kilichoagizwa kiwandani kilikuwa sanduku lililoning'inizwa chini ya dashibodi, na wauzaji waliweza kumfungia mteja kifaa cha namna hiyo hiyo baada ya kununua gari. Ni Mustang ya 1967 iliyopata kiyoyozi kilichojengwa ndani ya dashibodi. Kabla ya hapo, kiwandani au kwa muuzaji, sanduku lilikuwa lilelile, bolti zilezile. Kilichotofautiana ni tarehe ya kuzikaza. Texas nako, ambako joto la Agosti hupita nyuzi 35 bila kumshangaza mtu, kampuni kadhaa ziliuza vifaa vya kuning'iniza kwa magari ya kila aina. Kuongeza kiyoyozi, basi, ni desturi ya enzi ya magari hayo yenyewe.

Wapinzani hao hao hawana neno na mambo mengine mengi. Gari la 1965 huvishwa matairi ya radial, hufungwa mikanda ya usalama, hubadilishiwa platini kwa mfumo wa elektroniki uliofichwa ndani ya distribyuta, na hubaki “halisi”. Hata kiyoyozi cha kiwandani cha wakati huo mara nyingi hakitumii tena gesi yake ya R-12, ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 uliifutia soko kwa sababu gesi hiyo hutoboa tabaka la ozoni. Hujazwa R-134a, baada ya kubadilishiwa mafuta na mara nyingi mipira pia. Kinachokataliwa ni kile kinachoonekana, na hiyo ni kanuni ya macho tu.

Dai la pili ni kwamba injini ya zamani haibebi mzigo. Hapa pana ukweli, ila umewekwa mahali pasipo pake. Kompresa za kale za York zilikuwa nzito na zenye mtetemo; kompresa za kisasa za mzunguko ni nyepesi, na nguvu chache za farasi zinazokula hazitambuliki kwenye V8. Kwenye Volkswagen Beetle ya injini ya 1200 hutambulika mlimani, na dereva huzima. Tatizo kubwa ni joto. Kwenye magari yenye rejeta, kondensa hukaa mbele yake na kuilisha hewa iliyokwisha kupashwa moto, ndiyo maana viwanda navyo viliyapa magari yenye kiyoyozi rejeta kubwa zaidi na feni yenye nguvu. Umeme ni tatizo jingine: Mustang za miezi ya mwanzo zilikuwa na dinamo, ambayo kwenye foleni, injini ikizunguka polepole, haitoi umeme wa kutosha kwa feni na taa pamoja. Altaneta humaliza shida hiyo. Anayefunga kompresa na kuyaacha haya akaliona gari linachemka aulaumu ufundi.

Uharibifu wa kweli hufanywa na msumeno. Dashibodi iliyokatwa ili kupitisha matundu ya hewa, au bodi iliyotobolewa ovyo, hairudi ilivyokuwa. Kifaa kinachofungwa kwenye matundu ya bolti yaliyopo, na vipuri vya awali vikawekwa stoo, huondolewa kwa kazi ya siku chache. Upande wa pili wa mizani lipo gari linaloegeshwa miezi ya joto yote kwa sababu halikaliki: mipira inakauka, breki zinashika kutu, petroli inachacha ndani ya kabureta. Uharibifu huo hausemwi, labda kwa kuwa hufanyika chini ya turubai safi.

Yapo magari ya kuachwa. Mustang yenye injini ya 289 ya nguvu za farasi 271 haikuuzwa na kiyoyozi hata kwa mteja aliyekitaka, na ukosefu huo ni sehemu ya utambulisho wake. Gari linaloandaliwa kwa mashindano ambapo majaji hulinganisha kila nati na kumbukumbu za kiwanda nalo lina sababu ya kubaki lilivyo. Lakini Mustang ya kawaida, iliyotengenezwa kwa mamia ya maelfu kwa ajili ya kwenda kazini na sokoni, haimo katika kundi hilo.