Neno Geni katika Bunilizi za Ajabu: Dhidi ya Faharasa

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba msamiati wa kienyeji katika bunilizi za ajabu humkwaza msomaji wa Kiswahili. Kwa hiyo mwandishi autafsiri, au aufafanue katika faharasa mwishoni mwa kitabu. Dai hili lina sura ya busara, lakini halina mashiko. Katika utanzu huu, neno geni ndilo hubeba kanuni za ulimwengu unaobuniwa.

Tuchukue riwaya inayosimuliwa Usenge, ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Upepo wa usiku unavuma kutoka ziwani. Watu wanapiga masufuria na madebe, na kelele zinapokewa boma hadi boma. Wanawafukuza nyawawa. Mwandishi akiandika ‘mizimu’, amepotosha. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Muhammed Said Abdulla, mzimu ni mahali panapoendewa. Nyawawa hawaendewi, hupita, na kazi ya kila boma ni kuwapitisha.

Neno *chira* ni mfano mzito zaidi. Mfasiri mvivu hutosheka na ‘laana’. Lakini laana huwa na aliyeitamka. Chira humpata aliyevunja mwiko, au jamaa yake, pasipo kinywa chochote kutamka, ikamkondesha hadi kufa. Katika miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipoenea kandokando ya ziwa, baadhi ya watu waliufasiri kuwa chira. Mwandishi anayebuni juu ya mkasa huo akisema ‘laana’, wahusika wake watauliza: nani amemlaani mgonjwa? Akisema chira, watauliza: ni mwiko gani umevunjwa nyumbani humu? Swali la kwanza humsaka adui nje. La pili huigeuza familia ijichunguze. Hizo ni riwaya mbili tofauti, na faharasa haiwezi kuzipatanisha.

Hata hivyo, wapinzani wa faharasa wasijipongeze mapema. Baadhi ya waandishi hurundika maneno ya Kiluo kama shanga shingoni, ili kitabu kionekane cha ajabu. Huo ni urembo tu.

Kipimo ni kimoja: neno likiondolewa, je, kanuni ya ulimwengu wa hadithi inabadilika? Isipobadilika, neno liondolewe. Ikibadilika, neno libaki, na tukio lilifunze. Msomaji aliyekwisha kusikia masufuria yakilia gizani hahitaji faharasa imwambie nani anapita.