Kirusi cha UKIMWI hutoka kikiwa kichanga, na hapo ndipo kinapokamatika

Tabora. Mgonjwa wa Ng'ambo anapobadilishiwa dawa za kufubaza VVU, kutoka mstari wa kwanza kwenda wa pili, mtaani watasema tu amepewa dawa kali. Siyo hivyo. Tofauti ni mahali dawa inapokipiga kirusi.

Kidonge cha mstari wa kwanza kilichoanza kutumika nchini 2019, kile chenye dolutegravir, hukizuia kirusi kabla hakijajipachika kwenye vinasaba vya seli. Zile za mstari wa pili, ambazo chupa zake zimeandikwa atazanavir au lopinavir, hukisubiri mlango wa kutokea.

Kirusi kikichomoka kwenye seli bado hakiwezi kuambukiza. Ndani kina nyuzi mbili za RNA, yaani maelekezo ya kutengeneza virusi wengine, kila moja ikiwa na herufi kama 9,700. Zimeshikana, lakini kilegelege. Kisha kimeng'enya chake chenyewe, protiezi, huikata protini moja ndefu vipande vipande. Kipande kimoja kidogo kuliko unavyodhani, nyukliokapsidi, huishika RNA, hufungua mikunjo dhaifu na kuikunja upya mpaka nyuzi zote mbili zimebana. Ganda gumu hujengwa kuzizunguka. Sasa kirusi kimekomaa.

Ni kama misafara ya zamani ya Ujiji na Bagamoyo: ikifika Tabora, wapagazi walibadilishwa na mizigo ikafungwa upya. Mzigo uliofungwa ovyo haukufika pwani.

Dawa za mstari wa pili huizuia protiezi. Protini haikatwi, RNA inabaki kilegelege, ganda halikamiliki. Kirusi kinatoka, lakini hakina kazi.

Ila dawa ikipungua mwilini, ukataji unaanza tena. Kirusi hiki hujinakili kwa makosa mengi, na dozi za kurukaruka huwaacha hai wale waliobadilika wakaweza kuikwepa dawa. Baada ya mstari wa pili chaguo ni chache, na bei inapanda.

Hapo ndipo Tabora ina mtihani wake. Warina asali hukaa porini wiki kadhaa. Wakulima wa tumbaku wengi wako mbali na kliniki. Kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo kunasaidia, ilimradi zipo. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, nchi nyingi za Afrika ziliona jinsi uhakika huo ulivyo mwembamba.

Lipo tumaini: lenacapavir, sindano ya mara mbili kwa mwaka inayovuruga ganda lenyewe. Katika utafiti wa Uganda na Afrika Kusini, wanawake 2,134 waliipata na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kampuni za India zimeahidi kuitoa kwa dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027.

Lakini hiyo ni kinga, kwa asiye na VVU. Mrina asali aliye kwenye matibabu bado anahesabu siku za porini na vidonge vilivyomo kwenye chupa.