Usiombe kupimwa "kila kitu"

Kuna ombi moja ambalo wahudumu wa maabara wamelizoea: "Nipimeni kila kitu, nijue afya yangu." Anayeomba hivyo ana nia njema. Pengine amemzika ndugu aliyekufa kwa figo, au jirani yake ameanguka ghafla kwa kisukari ambacho hakujua kama anacho. Hofu yake ina msingi. Kisukari, shinikizo la juu la damu na ugonjwa wa figo vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote. Anayesubiri dalili mara nyingi anasubiri madhara.

Hata hivyo, msomaji, kipimo cha "kila kitu" hakipo. Damu na mkojo hujibu yale tu yaliyoulizwa. Ushauri wetu wa leo ni kwamba uende maabara ukiwa na swali, usiende na orodha ndefu.

Sababu ya kwanza ni hii. Viwango vya kawaida vinavyoandikwa pembeni mwa majibu yako kwa kawaida huwekwa ili watu 95 kati ya 100 wenye afya waangukie humo. Wale watano wanaobaki nao ni wazima. Mtu mzima wa afya akipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya kiwango unazidi nusu. Hapo usingizi unapotea, vipimo vingine vinaagizwa, na pesa ya ada ya shule inaondoka. Wakati huohuo, mwenye tatizo la kweli anaweza kupimwa vitu vingi na kile kinachomhusu kisiwemo.

Je, vipi vinakuhusu? Anza na kisichohitaji sindano: omba upimwe shinikizo la damu. Kisha, kama umevuka miaka 40, una uzito uliozidi, au mzazi au ndugu yako wa damu ana kisukari, pima sukari. Kabla ya kipimo cha asubuhi, kaa angalau muda wa saa 8 bila chakula, chai wala soda. Maji ya kunywa yanaruhusiwa. Kiwango cha 7.0 au zaidi kinaashiria kisukari, lakini kama huna dalili, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla hujaitwa mgonjwa.

Kama tayari una kisukari au shinikizo la damu, figo zako zipimwe angalau mara moja kwa mwaka, kwa damu na kwa mkojo pamoja. Wengi hupima damu tu na kurudi nyumbani wameridhika. Kreatinini ya kwenye damu inaweza kubaki ndani ya kiwango hadi figo zipoteze karibu nusu ya uwezo wake, ilhali protini kwenye mkojo inaweza kuonekana mapema zaidi. Kikopo kile unachokidharau ndicho kinachoweza kukuwahi.

Mama mjamzito, usichoke kupewa kikopo kliniki. Protini kwenye mkojo pamoja na shinikizo lililopanda ni ishara ya hatari inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Wingi wa damu, VVU na kaswende navyo si vya kuahirisha, kwa sababu vinamhusu na mtoto aliye tumboni.

Kwa wazazi, mtoto wa miaka miwili hadi minne mwenye wingi wa damu chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu wa damu. Usiishie kununua dawa ya kuongeza damu. Uliza damu inakwenda wapi: ni malaria, minyoo, lishe duni au seli mundu? Bila kujua chanzo, unatia maji kwenye pakacha. Na kama mnaishi kando ya ziwa na mtoto anakojoa damu, kipimo cha kichocho kinafaa kwa mkojo uliotolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana ndipo mayai ya vimelea hutoka kwa wingi.

Sasa tuseme la UTI na taifodi. Mtu anakwenda na uchovu, anatoka na majina hayo mawili na mfuko wa dawa. Bakteria kwenye mkojo wa mtu mzima asiye mjamzito na asiye na dalili yoyote, kwa kawaida hawahitaji dawa. Kipimo cha taifodi cha Widal, kikifanywa mara moja tu, kinaweza kuonyesha kinga iliyobaki kutokana na maambukizi ya zamani. Kila antibayotiki isiyohitajika inaongeza usugu wa vimelea, na siku mwanao atakapoihitaji kweli, inaweza isimsaidie. Una haki ya kuuliza kama inawezekana kuotesha damu au mkojo kabla ya kuanza dawa.

Nawe timiza wajibu wako. Jisafishe kwa maji, mwaga mkojo wa mwanzo, kinga wa katikati, na uufikishe maabara ndani ya saa moja. Sema kama uko kwenye hedhi. Taja dawa zote unazotumia, zikiwemo za maumivu na za mitishamba.

Vituo vya kutolea huduma navyo vina wajibu. Kumwambia mgonjwa "majibu yako mazuri" na kubaki na karatasi si kumhudumia. Nambari zile ni zake. Aelezwe maana yake na apewe nakala, ili mwaka ujao alinganishe.

Kabla hujanyoosha mkono kutolewa damu, uliza maswali matatu: Mnatafuta nini? Majibu yakiwa mabaya, tutafanya nini? Yakiwa mazuri, nirudi lini? Kama hakuna anayeweza kukujibu, bado hujafikia wakati wa kulipia kipimo hicho.